Manjano Kwenye Mashati Meupe

Theluji alikuwa mtu wa kushuku tangu ujana wake. Akinunua mayai huyatikisa moja moja sikioni mbele ya muuzaji. Akisalimiwa kwa uchangamfu na mtu ambaye jana alimpita kimya, hushinda akijiuliza anatafutwa nini. Mkewe alipenda kuwachekesha majirani kwamba siku Theluji alipokuja kwao kumchumbia, aliwakodolea macho yeye na dada yake kwa zamu, kana kwamba anahofia atabadilishiwa mlangoni.

Kazini, hata hivyo, hakuwa na mpinzani. Alikuwa dobi, na jina la Theluji alipewa na wateja kwa sababu ya nguo nyeupe. Shati likiingia kwake kola imeiva kwa jasho, lilitoka jeupe hadi mwenye nalo akataka kuhakikisha kama ni lake. Wanasheria walimletea mashati, manesi sare zao, na mahoteli madogo ya jirani mashuka.

Chumba chake cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba, chenye dirisha kubwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu lenye alama za pasi. Uani kulikuwa na bomba, makarai na kamba za kuanikia. Huko alitawala shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwanamume mpole aliyekuja kukaa nao baada ya kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kufungwa. Shemeji alifua na kuanika. Theluji alikagua na kupiga pasi. Walikwenda hivyo miaka na miaka bila neno.

Kisha zikaanza rangi za manjano.

Asubuhi moja Theluji alitoa shati la mwanasheria kwenye tenga, akalinyoosha mezani, akasita. Aliligeuza. Akalipeleka dirishani. Weupe wake haukuwa weupe. Lilikuwa na umanjano, kama nguo iliyosahaulika sandukuni.

"Shemeji!" aliita. "Hili umelifua au umelichovya tu?"

Shemeji alikuja akijifuta povu mikononi. Alilitazama shati mbele, akalitazama nyuma.

"Mbona liko safi?"

"Safi? Hii rangi gani?"

"Nyeupe."

Theluji alimtupia jicho la pembeni, akalirudisha shati kwenye karai. Mtu aliyelifua vibaya angejitetea, aliwaza. Angesema maji yalikuwa machafu, au jua lilikuwa hafifu. Lakini huyu anasema nyeupe, kavu kavu, bila hata kupepesa. Machale yakamcheza. Hapa kuna mchezo.

Kwanza aliishuku sabuni. Alikwenda dukani akaipakaza kwenye kiganja, akainusa, akamwambia mwenye duka kuwa imechanganywa unga. Wakarushiana maneno. Akabadilisha duka, lakini umanjano haukubadilika. Ndipo shaka yake ikahamia nyumbani, ikatulia kwa shemeji. Akajiambia kwamba yule bwana anaiuza sabuni nzuri nje na kufulia ya rahisi. Aliweka alama ya kucha kwenye ubavu wa beseni la sabuni ya unga, pale sabuni ilipofikia, ili aone itashuka kwa kasi gani. Kesho yake aliinama juu ya beseni, akalisogeza huku na huku, akaitafuta alama na asiione. Basi, alama imefutwa! Na anayefuta alama ana cha kuficha.

Shaka yake haikuishia hapo. Mtaa wa pili kulikuwa na dobi mwingine, kijana mwenye mashine ya kufulia, na Theluji alijua fika kwamba huyo anatamani wateja wake. Siku moja alimwona shemeji amesimama naye barabarani wanacheka. Wanacheka nini? Nani anayechekwa? Jioni alimuuliza mkewe kama mdogo wake ana shida ya pesa.

"Mdogo wangu ana shida gani, naye anakula kwako na analala kwako?" mkewe alisema. "Baba watoto, wewe unataka kusema nini?"

"Sisemi kitu. Nauliza."

"Ukiuliza hivyo, umeshasema."

Theluji akamweka naye mkewe kwenye orodha ya moyoni. Ndugu wawili hao, damu moja, nani ajuaye wanazungumza nini yeye akiwa hayupo.

Kwa vile hakuwa tena na imani na mikono ya mtu, alianza kuzifua upya mwenyewe nguo zote nyeupe. Alizidisha dawa ya kung'arishia. Akazidisha na bluu ya kufulia. Akizitazama, bado manjano, akaongeza tena. Mvuke na vumbi la sabuni vikamwasha macho, akawa anachomoa mara kwa mara ile chupa ndogo ya dawa ya matone iliyoishi kwenye mfuko wa shati lake na kujidondoshea. Dawa hiyo alikuwa nayo tangu zamani. Ilikuwa kitu pekee kisichomwangusha: tone moja kila jicho, muwasho ukakata, wekundu ukafutika.

Wateja walianza kurudi na nguo mikononi. Kola zimechanika kwenye mikunjo. Vifungo vimepauka. Mwenye hoteli alileta shuka lililotoboka katikati, akapitisha kichwa kwenye tundu mbele ya watu ili kumwonyesha. Watu walicheka. Theluji hakucheka. Siku hiyo hiyo alimwita shemeji chumbani, mlango ukiwa wazi.

"Umelipwa na nani uniharibie?"

"Shemeji, dawa unamwaga wewe. Mimi mwenyewe nikipita uani pua inaniwasha."

"Namwaga kwa sababu hufui!"

"Nafua. Nyeupe unaiona manjano, sijui kwa nini. Labda macho..."

"Macho yangu usiyaguse!" Theluji alipiga meza. "Unataka kunitia mchanga machoni, halafu useme macho ndiyo mabovu?"

Shemeji aliingia ndani, akatoka na begi lake. Dada yake alimshika mkono mlangoni, yeye akautoa taratibu. Kufika wiki iliyofuata alikuwa anafanya kazi kwa dobi wa mtaa wa pili, na Theluji alipopata habari hizo alimwambia mkewe, karibu kwa furaha, "Umeona? Sikusema?"

Mkewe hakusema naye hadi siku ya tatu.

Aliyefungua fundo hilo alikuwa nesi wa wodi ya watoto, mteja wake wa siku nyingi, mwanamke mwenye sauti ya juu ambaye alipenda kukaa kwenye stuli ya dirishani akisubiri sare zake. Mchana huo jua lilikuwa kali. Alimwona Theluji akiipeleka sare dirishani, kisha akiiondoa kwenye mwanga na kuipeleka kivulini, akiinamisha kichwa upande kama kuku anayetafuta punje.

"Mzee, mbona unakimbia mwanga? Mtu hutafuta doa kwenye mwanga."

"Kwenye jua ndiyo naona vibaya zaidi. Ukungu mtupu. Wamelitia nini hili vazi, sijui."

"Nani?"

"Wenye kutia." Alimsogezea sare. "Tazama mwenyewe umanjano huo."

Nesi aliitazama, akaiweka magotini. "Mzee, hii imekuwa na bluu kupita kiasi. Umanjano siuoni."

Naye pia! Theluji alimkagua usoni. Huyu amefikiwa lini?

"Hebu nifurahishe," nesi alisema. "Ziba jicho la kushoto kwa kiganja. Unitazame mimi. Nimevaa hereni?"

Alikubali ili tu amalize upuuzi. Akaziba. Mwanamke akapotea. Mbele yake kulikuwa na kitu cheupe kama kioo cha bafuni baada ya mtu kuoga kwa maji ya moto, na ndani yake kivuli kinachosema. Akashusha kiganja haraka, nesi akarudi mahali pake, na hereni zake.

"Umefanyaje?" alimuuliza kwa ukali.

"Mimi? Nimekaa hapa hapa kwenye stuli. Jicho lako la kulia halioni, mzee wangu, na la kushoto ndilo limekuwa likilibeba. Njoo kesho hospitalini kwetu, kuna kliniki ya macho."

Alipoondoka, Theluji aliziba jicho la kushoto tena. Akalizibua. Akaziba. Alifanya hivyo mpaka mkewe alipoingia na kumkuta, naye akasingizia kwamba anakuna unyusi.

Alikwenda, lakini alikwenda kama mtu anayekwenda kukamata mwizi. Kwenye benchi la kliniki alitega sikio kwa kila neno. Kondakta aliyekaa kulia kwake alikuwa na kinyama kilichotambaa kutoka pembe ya jicho hadi kwenye weusi wake. Aliambiwa ni jua na vumbi la miaka, na kwamba kitakatwa kwa sababu kimeanza kufika kwenye mboni. Bibi mmoja kope zake zilikuwa zimegeukia ndani zikikwaruza jicho. Alikuwa amezizoea, akizing'oa kwa kibanio, na sasa alikuja kushonwa kidogo ukope ili zigeuke nje. Mama mwingine alipakata mtoto mwenye makengeza aliyevalishwa miwani na kuzibwa jicho lililo zima ili lile vivu lifanye kazi. Theluji aliona wazi kwamba hakuna aliyetoka mikono mitupu: huyu kupasuliwa, huyu kushonwa, huyu miwani. Biashara nzuri hii, aliwaza. Mtu mmoja tu aliambiwa macho yake ni mazima, na huyo alikuwa amekuja kumsindikiza bibi.

Walimtia matone ya kupanua mboni, mwanga ukamjaa kichwani. Walimtia mengine ya ganzi, wakamgusa jicho kwa kifaa chenye taa ya samawati. Wakamweka mbele ya chombo kama bakuli kubwa na kumwambia abonyeze kitufe kila aonapo kinukta cha mwanga. Alishuku kuwa vinukta vingine wanaviruka kwa makusudi.

Daktari wa macho alikuwa mwanamume mfupi mwenye subira. "Baba, unatumia dawa yoyote ya macho?"

Hapo Theluji alifurahi. Alichomoa chupa yake mfukoni kwa fahari. "Hii. Hii ndiyo imenitunza."

Daktari aliigeuza, akaisogeza kwenye taa. Akayasoma maandishi yake yote.

"Tangu lini?"

Theluji alisimulia. Zamani macho yalimwasha kwa vumbi la sabuni, zahanati ikampa chupa kama hiyo, wakamwambia atumie siku chache kisha arudi waone. Siku ya pili muwasho ukaisha. Arudi kufanya nini? Tangu hapo hununua duka la dawa la pale kona. Miaka mingapi hajui. Binti yake wa mwisho alikuwa hajaanza shule, sasa ameolewa.

"Baba, dawa hii inatuliza uvimbe, na ni kali. Kwa siku chache, ukiwa chini ya uangalizi, inasaidia. Ukiitumia miaka, inapandisha presha ndani ya jicho na kuharakisha mtoto wa jicho. Wewe una vyote viwili. Mtoto wa jicho ni ile lenzi yako ya ndani iliyoingia ukungu. Ndiyo inayokupakia manjano kwenye nguo. Umri nao umechangia, ila si peke yake. Hiyo tutaiondoa kwa upasuaji na kuweka lenzi mpya. Hakuna tone la kuuyeyusha ukungu huo, ukiuziwa usinunue. Lakini presha ni jambo lingine. Imeshakula sehemu ya mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Kilicholiwa hakirudi. Tunaweza kuzuia kilichobaki kisiliwe, kwa dawa nyingine ya matone, maisha yako yote."

Theluji alisikia mambo mawili tu: kwamba anataka kumnyang'anya dawa yake, na kwamba ana nyingine ya kumpa maisha yote.

"Ndiyo maana," alisema akiinuka. Aliichukua chupa yake mezani na kutoka.

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alikwenda kona, kwa mwenye duka la dawa, mtu pekee mtaani ambaye hakuwahi kumtilia shaka hata mara moja. Mtu wa tabasamu, aliyemwita "mzee wangu wa chupa" na kuishusha kutoka rafuni kabla hajaitaja.

"Nimetoka kwa daktari," Theluji alisema, akijiandaa wacheke pamoja. "Eti dawa hii ndiyo imeniharibu macho."

Mwenye duka hakucheka. Alitazama nje ya mlango, kisha akashusha sauti.

"Daktari gani huyo? Umemwambia umeinunua wapi?"

Theluji alibaki ameshika kaunta. Maisha yake yote alikuwa akiwasikiliza watu ili ajue wanaficha nini, na mara nyingi alikosea. Lakini swali la mtu mwenye hatia alilijua hata usingizini. Asiye na hatia angesema ni uongo. Angalau angeuliza kwa vipi. Huyu ameuliza kama ametajwa.

"Ulikuwa unajua," alisema polepole.

"Mzee wangu, mimi nauza tu. Wewe uliomba, mimi nikakupa. Cheti cha daktari hukuniletea, nami sikukuuliza."

"Cheti hukuwahi kukitaka."

"Wengi hawana."

Theluji aliiweka chupa juu ya kaunta, akaisukuma kuelekea kwake, akatoka. Barabarani alikaa kwenye ngazi za jengo asilolijua. Alimpigia hesabu kila mtu aliyemshuku mwaka ule: mwenye duka la sabuni, mkewe, nesi, daktari, na mtu aliyebeba begi akatoka bila kumtukana.

Mkewe alipomuuliza daktari amesemaje, alimweleza yote, pamoja na ya kaunta na ya alama kwenye beseni. Alitarajia kusutwa. Badala yake mkewe akasema, "Kesho twende wote. Na huko ukainuke tena uone."

Si kwamba Theluji aligeuka malaika. Presha ilishushwa kwanza kwa matone mapya, na kila alipopimwa alitaka aambiwe namba ya leo na ya mara iliyopita. Siku ya upasuaji wa jicho la kulia alimkalia daktari kooni kwa maswali. Atalazwa usingizi? Hapana, ganzi tu, atakuwa macho. Jicho litatolewa nje? Halitoki hata kidogo. Na hiyo lenzi mbovu mnaipeleka wapi?

"Inasagwa na kufyonzwa humo humo, baba. Hakuna cha kupeleka popote."

"Nimesikia kuna watu wanauza macho."

"Hata ningeuza, nani angenunua lako?"

Nesi msaidizi alicheka, na Theluji, bila kutaka, naye akacheka. Chini ya kitambaa aliona mwanga unaocheza kama jua chini ya maji, akasikia mlio mwembamba, na kabla hajamaliza kuogopa akaambiwa inuka taratibu.

Bandeji ilipofunguliwa kesho yake, ukuta wa kliniki ulikuwa mweupe. Alidhani wameupaka rangi. Koti la daktari lilikuwa jeupe hata likamfanya afumbe jicho. Mkewe alikuwa amevaa gauni la samawati ambalo Theluji alikuwa akiapa ni la kijani, na walikuwa wamebishana kulihusu zaidi ya mara moja.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye rafu. Alizitoa nguo alizozifua mwenyewe miezi ile na kuzitandaza mezani. Zilikuwa za samawati iliyokufa, zenye mabaka, nyuzi zikiachana kila alipozivuta. Hata mashuka ya kitandani kwake yalikuwa hivyo. Kumbe mkewe alikuwa akilalia vitu vile bila kusema neno. Alizikunja moja moja, kazi mbaya yake mwenyewe, akakaa.

Kwenda mtaa wa pili kulimshinda kwa siku kadhaa. Alishuku atafukuzwa, alishuku watamcheka, alishuku hata kwamba shemeji ameshamtungia utani. Mwishowe alikwenda. Alimkuta akitoa mashuka kwenye mashine.

"Shemeji, nimekukosea, rudi nyumbani. Ni macho."

"Nilikuambia ni macho."

"Uliniambia."

Shemeji hakumkaribisha kiti. Aliingia ndani, akarudi na mashati mawili, akayaning'iniza moja kila mkono. Uso wake haukuwa na mzaha.

"Hili rangi gani?"

"Maziwa."

"Na hili?"

"Jeupe. Ila kola haijasuguliwa."

Mdomo wa shemeji ulitikisika pembeni. Aliyashusha mashati. "Nirudi ili kesho uniweke alama kwenye sabuni tena? Dada aliniambia habari ya beseni. Niliumia, shemeji. Kuliko hata uliponiambia nimelipwa."

Theluji alisimama, mikono nyuma. Shemeji akamwambia atafikiri, na alifikiri kwa muda mrefu, mwezi na zaidi. Aliporudi alirudi na masharti: kukagua wakague wote wawili, na dawa ya kung'arishia akae nayo yeye. Theluji alikubali bila kuuliza kwa nini, jambo lililomgharimu.

Jicho la kushoto lilipasuliwa baadaye. Hilo halikurudi lote. Katikati linaona vizuri, lakini upande wake wa nje palikuwa pameshaliwa na presha, na pale hapana giza wala ukungu, hapana kitu kabisa. Ndiyo maana alikuwa hajajua. Mwanzoni alikuwa akijigonga kwenye nguzo ya kamba uani na kudai kuna mtu ameisogeza. Mwanasheria hakurudi tena na mashati yake, na mwenye hoteli alirudi na mashuka machache, ya kujaribu. Macho yakiwasha sasa huyaosha kwa maji baridi, huvaa kitambaa puani akimimina sabuni, na akizidiwa huenda kliniki. Ile kona ya duka la dawa huizunguka.

Uani, wakati wa kuanika, shemeji husimama kushoto, upande ambao Theluji haoni, na Theluji kulia. Hawakuwahi kukubaliana hivyo kwa maneno. Shemeji humpitishia ncha ya shuka, na Theluji, kabla ya kubana kibanio, huivuta kwenye jua kali la mchana na kuitazama, kisha huitazama tena.